Abiria wa Taratibu

Sare ya dereva ilikuwa inalala nje. Ilining'inia kwenye msumari ubavuni mwa mlango, ndani ya mfuko wa plastiki uliokazwa mdomo kwa kamba ya kiatu, na kila alfajiri aliivaa pale pale barazani huku majirani waliokuja kuchota maji wakitazama pembeni kwa adabu. Si kwamba ndani kulikosa msumari. Alikuwa anaikinga na mguu wa mama yake.

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mama alilala upande wa dirisha, kwa ajili ya hewa. Asubuhi ile dereva alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, beseni la maji ya vuguvugu pembeni, akawa anafungua bendeji tabaka baada ya tabaka. La nje lilikuwa jeupe. La pili lilikuwa na duara la manjano. La mwisho lilishikana na nyama, ikabidi lilowekwe, livutwe kidogo, lilowekwe tena. Kidonda kilikuwa chini ya kisigino, kimechimbika, kingo zake nyeupe kama ngozi iliyokaa sana majini. Harufu yake haikuwa ya uchafu. Mama alikuwa msafi, aliyeoga asubuhi na jioni hata siku za baridi kali. Ilikuwa harufu tamu, nzito, kama ya tunda lililosahauliwa kabatini, na ikishaingia kwenye nguo ilikaa kama mgeni asiyejua kuaga.

"Usikunje uso, baba," mama alisema. "Utazeeka, watu waanze kusema sisi ni mtu na mdogo wake."

"Sijakunja, mama."

"Pua imekunja. Pua haijui kudanganya."

Dereva alicheka, akaendelea kufunga. Bendeji mpya ilimzunguka mama kifundo kama soksi nene.

"Leo kliniki unaendaje?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kama kawaida. Nitashuka mwisho wa njia, nirudi kwa miguu mpaka hospitali."

"Muuguzi alisema usitembee."

"Alisema. Kumbebesha mtu kauli ni rahisi. Mwambie aje anibebe na mimi."

Muuguzi wa vidonda hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku dereva alipompeleka mama alimvuta kando. Dawa yangu ni nusu, alimwambia. Nusu ya pili ni mguu huu usikanyage chini. Mama yako akiutembelea, ninachofunga mimi anakifungua yeye. Na kidonda kikishafika kwenye mfupa, hiyo si kazi yangu tena, ni ya wenye misumeno.

Zamani vibasi vidogo vilisimama mlangoni kabisa mwa hospitali. Vilikuwa vibovu, viti vimechanika sponji, lakini vilisimama. Kisha barabara kuu ya katikati ya mji ikapakwa rangi nyekundu upande mmoja, toka mwanzo wa mitaa ya makazi hadi kwenye majengo ya ofisi, ikaitwa Njia ya Mabasi. Vibasi vikafukuzwa, vikaenda kupita nyuma ya soko, mahali ambapo mguu mbovu haufiki.

Hakuna aliyeishangilia njia ile kuliko dereva. Alifanya mtihani wa udereva upya, akafaulu. Aliendesha kwa utulivu hivi kwamba wenzake walimpa jina la Mtungi: walisema unaweza kupanda na mtungi uliojaa maji mpaka mdomoni, ukashuka bila tone kumwagika. Kadi yake ya kazi ilimfungulia mama dirisha la dawa za sukari, dirisha ambalo kwa miaka walikuwa wanaliangalia likifungwa. Na siku ya kwanza aliporudi nyumbani alimweleza mama juu ya basi jipya kama mtu anayesimulia nyumba aliyoijenga mwenyewe. Sakafu yake iko chini, mama. Mlango mpana. Huparamii kitu, unaingia kama unaingia sebuleni kwa watu.

Yote yalikuwa kweli. Alichokuwa hajakijua bado ni kwamba halisimami Hospitali.

*

Mkuu wa zamu alikuwa kijana mtanashati mwenye kola isiyojua mkunjo. Madereva walimwita Tafadhali, kwa sababu hakuwahi kutoa amri bila neno hilo. Asubuhi ile aliwakusanya yadini, mbele ya mabasi yaliyokuwa bado yanadondosha maji.

"Wapendwa," alisema, "tutapata ugeni. Mheshimiwa mwenyewe, pamoja na wenzetu waliotusaidia fedha za njia. Wanataka kuona tunavyookoa muda. Mwanzo wa njia mpaka mwisho, basi likimbie vile tulivyoahidi. Kwa hiyo, tafadhali, saa za kwenye dashibodi zibaki kijani. Njano, sawa, tunaongea. Nyekundu, hapana."

Akapangusa kitu ambacho hakikuwepo kwenye mkono wa shati.

"Kuhusu kituo cha Hospitali. Naomba nieleweke. Hatujamkataza mtu kusimama. Tunaomba busara tu. Pale kuna abiria wa taratibu."

"Abiria wa nini?" Aliyeuliza alikuwa mhudumu wa mlango wa basi la Mtungi, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeitwa Wifi na yadi nzima kwa vile hakuna aliyenusurika na utani wake.

"Wa taratibu, dada. Wenye magongo. Wazee. Wenye bendeji. Tunawapenda sana. Lakini mmoja wao akipanda, saa inaingia njano. Wakipanda kundi zima, nyekundu. Na nyekundu ya hapa inaonekana mpaka kwenye kompyuta za wafadhili."

"Kwa hiyo mgonjwa apone kwanza," Wifi alisema, "ndipo apande basi la kumpeleka hospitali."

Madereva waliangua kicheko. Tafadhali alitabasamu nao, akangoja, kicheko kikafa chenyewe.

"Dada," alisema. "Tafadhali."

Wenzake walipotawanyika, Mtungi alibaki nyuma. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri, na sasa yalimjia kwa vipande.

"Mkuu, kile kituo si kimejengwa? Kina paa la kioo. Kina benchi."

"Kizuri sana. Kipo hata kwenye jarida letu."

"Kuna mgonjwa mmoja anakihitaji. Mguu wake hautakiwi kukanyaga. Nikimshusha pale asubuhi..."

"Ndugu yako?"

Mtungi aliangalia viatu vya Tafadhali. Vilikuwa vinang'aa. Dereva mwenzake alikuwa amesimama mara moja katikati ya vituo, akampakia mdogo wake aliyenyeshewa, na yote yalionekana kwenye kamera. Basi si gari la ukoo, ndivyo alivyoambiwa, kwa upole, na usukani haukumwona tena.

"Hapana," alisema Mtungi. "Jirani."

"Una moyo mzuri, kaka." Tafadhali alimgusa bega. Marashi yake yalikuwa ya maua, makali, ya kuwasha koo. "Mpe jirani pole zetu. Mwambie avumilie tu, mambo mazuri hayataki haraka."

*

Siku ya ugeni basi la Mtungi lilichaguliwa, kwa ajili ya utulivu wake. Likapulizwa dawa ya kunukia, viti vikavikwa vitambaa. Na Tafadhali akatoa agizo jipya: siku hiyo, mara hiyo moja, watasimama Hospitali. Mheshimiwa alitaka kupigwa picha na wananchi.

Mtungi alimwambia mama tangu jana yake. Ukitoka kliniki, kaa pale kituoni, tutasimama kweli. Mama akavaa gauni lake la kijani lililokuwa likingojea harusi, akajifunga mtandio mweupe. "Lakini mama," Mtungi alimwambia mlangoni, sauti ikimtoka chini, "usije ukasema..."

"Nisije nikasema nini?"

Hakumalizia. Mama alimtazama kidogo, akaendelea kujifunga mtandio.

Mchana basi lilikaribia Hospitali likiwa limejaa suti. Chini ya paa la kioo walikuwepo wengi: mwanamke aliyefungwa jicho, msichana mwenye plasta mkononi mpaka begani, na fundi cherehani mzee mwenye magongo mawili ambaye mama alizoeana naye kliniki. Mama alikuwa mbele yao wote, kisigino kimeinuliwa hewani, mkono umeshika nguzo. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa mtu anayengoja mgeni wake.

Mheshimiwa alishuka mwenyewe. Macho yake yalipita juu ya magongo, juu ya jicho lililofungwa, yakatua kwenye gauni la kijani.

"Mama yangu mpendwa!" alisema, mikono wazi. "Karibu kwenye basi lako!"

Kamera zikalia. Alimshika mama mkono, akampandisha, wakasimama mlangoni wakitazama nje, yeye akitabasamu na mama akitabasamu.

"Haya mama, waambie watu. Njia yetu unaionaje?"

"Nzuri sana, mwanangu," mama alisema. "Ikisimama."

Watu walicheka. Mheshimiwa alicheka kuliko wote, akirudisha kichwa nyuma. "Ikisimama! Ana utani huyu!"

Fundi cherehani alikuwa tayari ameweka gongo moja sakafuni mwa basi. Tafadhali alimwinamia. "Mzee wangu, linalofuata liko nyuma yetu hapa hapa. Tafadhali." Gongo likarudi chini. Mlango ukafungwa. Lililofuata lilipita baadaye bila hata kupunguza mwendo, lakini kamera zilikuwa zimeshaondoka.

Ndani ya basi madirisha hayafunguki. Hewa inazungushwa na mashine, ile ile, inapozwa na kurudishwa. Mtungi aliisikia harufu ile kabla ya mtu yeyote, kwa sababu aliijua. Bendeji ilikuwa mpya, ya saa hiyo hiyo, lakini haikuwa na nguvu ya kuzuia kitu kile. Ilianza kama wazo. Kisha mwanamke mmoja wa wafadhili akafungua mkoba wake, akatoa leso, akaiweka puani kama anayepiga chafya isiyokuja. Bwana wa pembeni yake akageukia dirisha. Mheshimiwa alikuwa bado ameshika mkono wa mama. Akauachia taratibu, akatoa kwenye mfuko wa koti kitambaa chenye unyevu wa dawa, akafuta kidole kimoja kimoja. Tabasamu halikumtoka. Alimwita Tafadhali kwa kidevu.

Tafadhali alikuja mbele, akaegemea kiti cha dereva.

"Kaka, ongeza hewa, tafadhali."

"Iko mwisho, mkuu."

"Basi pale mbele, kwenye kituo cha mafuta, simama kidogo."

"Pale hatushushi watu."

"Kaka."

"Yule mama ana mguu mbaya. Kutoka pale mpaka..."

"Ndiyo maana. Tunamfikiria yeye. Apate hewa safi."

Mtungi alisimamisha basi. Hata katika hali ile alilisimamisha vizuri, maji ya kwenye glasi za wageni hayakutikisika. Kwenye kioo cha juu aliona Tafadhali akimwinamia mama kama mjukuu.

"Bibi, umefika."

"Sijafika, mjukuu wangu. Kwangu bado ni mbele sana."

"Kwa abiria wa kawaida leo tunaishia hapa. Tafadhali."

Mama aliinua macho, akayapitisha juu ya vichwa vya watu wote mpaka kwenye kioo, na yakakutana na ya mwanawe. Mtungi alijua sasa litatoka. Neno moja tu. Alilingoja kwa hofu, na mahali fulani chini ya hofu ile alilitamani, maana likitoka, lingekuwa limesemwa na mtu mwingine.

Kitufe cha mlango kilikuwa kwa dereva. Wifi alisimama mlangoni, mikono kifuani, akimtazama kidole.

Mtungi akabonyeza.

Mama alishuka kwa mguu mmoja, akajishika kwenye bomba, akaushusha wa pili. Chini kulikuwa na lami yenye mafuta, inawaka jua. Akageuka.

"Asante, dereva," alisema.

Basi likaondoka. Wifi alipewa chupa ya kupuliza na kitambaa, akaambiwa afute pale mama aliposimama.

"Nafuta nini, mkuu? Hapa pako safi."

"Futa tu, dada. Tafadhali."

Wifi akapiga magoti, akafuta sakafu isiyo na kitu, wageni wakainua miguu yao.

*

Mtungi alimkuta mama nyumbani jioni, ameketi kitandani, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa. Gauni la kijani lilikuwa limekunjwa vizuri kwenye kiti. Bendeji ilikuwa nyeusi chini kwa vumbi na mafuta, na katikati ya ule weusi kitu kilikuwa kimepenya toka ndani.

"Nani alikusaidia?"

"Miguu yangu. Yule mzima alimvuta mgonjwa. Tulipumzika sana njiani, tukasalimiana na kila ukuta."

Mtungi akaleta beseni. Hakuvua sare. Alipiga magoti nayo.

"Mama, mimi..."

"Sikukutaja," mama alisema haraka, kama anayemfunika mtoto shuka. "Uliona? Hata nilivyokuita, nilikuita kikazi." Akausogeza mguu kuelekea beseni. "Yule kijana wa marashi ana adabu. Amenitoa nje kama vile wanavyomwingiza bibi harusi."

Tabaka la mwisho halikushikana na nyama safari hii. Lilitoka lenyewe, limelowa. Mtungi alisogeza taa. Ndani kabisa ya shimo, kulikuwa na kitu cheupe ambacho hakikuwa bendeji.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Hakuna kitu, mama."

"Basi mbona hufungi?"

Siku iliyofuata ya kliniki muuguzi alikiona kitu kile kile, akavua glavu zake pole pole. Alimwambia mama aingie wodini kesho yake, na aje na mtu wake wa karibu, wa kutia sahihi.

Mama alipewa habari hiyo asubuhi. Mchana, alikuwa chini ya paa la kioo akingoja basi la kumrudisha nyumbani akachukue nguo zake za wodini.

Mtungi alimwona toka mbali. Alikuwa na gongo moja la kuazimwa, la fundi cherehani, na wawili wale walikuwa wamegawana magongo kama watu wanavyogawana mkate. Pembeni yao walikuwepo wengine, wa taratibu wote. Mabasi yaliyotangulia yalikuwa yamewapita, na mikono ya baadhi yao ilikuwa imeshashuka. Wa mama ulikuwa bado juu. Aliuinua zaidi basi lilipokaribia, kisha mkono ule ukasita hewani, kwa sababu ubavuni mwa basi, kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, alikuwa yeye mwenyewe. Picha ilikuwa imebandikwa asubuhi hiyo. Gauni la kijani, mtandio mweupe, meno. Mheshimiwa alikuwa kando yake. Juu ya vichwa vyao kuliandikwa: BASI LAKO, NJIA YAKO. Kutoka kiunoni kwenda chini picha ilikatwa.

"Hospitali, tafadhali," redio ilisema. Maana yake ilikuwa pita.

Saa ya dashibodi ilikuwa kijani. Mguu wa Mtungi ulikuwa kwenye mafuta, na ulikuwa unajua kazi yake. Ulishapita hapo mara nyingi kuliko alivyotaka kukumbuka. Akautoa.

Basi likasimama, likajishusha upande mmoja kama ng'ombe anayepiga magoti, mlango ukafunguka.

"Jamani!" Wifi alipiga kelele. "Karibuni! Karibuni sebuleni!"

Walipanda. Ilichukua muda uliochukua. Mwanamke wa jicho alishikwa mkono. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kigari cha wagonjwa alisukumwa na watu wawili, gurudumu likakwama, wakarudi nyuma, wakaanza tena. Fundi cherehani alirukaruka kwa gongo lake moja na kumwambia Wifi asimshike hapo, ana mke. Saa ikaingia njano. Bwana mmoja mwenye mkoba aliinuka kwenye kiti.

"Dereva! Sisi wengine tuna kazi za kufanya!"

"Na sisi hapa tunaumwa hata siku za mapumziko, mwanangu," mama alimjibu toka mlangoni. "Sogea kidogo nipite."

Saa ikawa nyekundu. Redio ikasema tafadhali, ikasema tena, ikanyamaza. Mtungi aliinuka kwenye usukani, jambo lililokatazwa, akaenda mlangoni, akampokea mama chini ya kwapa.

"Shikilia hapa, mama," alisema, na neno hilo alilisema kwa sauti.

*

Hakufukuzwa. Tafadhali alimweleza hivyo kwa furaha, kama anayempa zawadi. Amehamishiwa upande wa usafi. Ni kweli waosha mabasi waliajiriwa na kampuni nyingine, na ni kweli kampuni hiyo haikuwa na kadi za dawa. Lakini ajira ni ajira, kaka.

Asubuhi iliyofuata Mtungi alikuwa yadini, amevaa buti za mpira za mtu mwingine, ameshika brashi yenye mpini mrefu. Mama alikuwa ameshapelekwa wodini na Wifi, kwa gari la kukodi walilochangiwa na majirani. Daktari angepita kabla ya mchana. Bila sahihi hawezi kumgusa, na muuguzi alisema mguu ule hauna siku ya kupoteza, ukichelewa watapanda juu zaidi kuukata. Geti la yadi halikufunguliwa kwa waosha mabasi mpaka basi la mwisho litoke.

Tafadhali alikuja na vikombe viwili vya chai, akampa kimoja.

"Habari za asubuhi, kaka. Leo kuna ugeni mwingine. Tafadhali, anza na lile."

Mtungi hakupokea chai.

"Mkuu, nina ruhusa ya kuomba. Nahitajika hospitali nikatie sahihi. Wanamkata mama yangu mguu."

"Pole sana. Mama yako mzazi?"

"Mzazi." Akanyoosha mkono wenye mapovu, akaelekeza kwenye ubavu wa basi. "Yule pale."

Tafadhali aligeuka. Aliitazama picha ile kubwa, akamtazama Mtungi, akairudia picha. Ilionekana kama kitu kinataka kupita usoni mwake, na kwa muda mfupi mdomo wake ulibaki wazi bila tabasamu. Kisha akanywa chai yake.

"Ah," alisema. "Hongera. Ametoka vizuri sana."

Akaweka kikombe cha pili juu ya ndoo, kando, pasipoweza kumwagika.

"Ukimaliza, nitaongea nao getini. Na pale kwenye shavu, kaka, naona masizi. Wageni watapita upande huo. Tafadhali."

Mtungi akachovya brashi. Akaiinua juu mpaka usoni mwa mama yake, akasugua shavu, akasugua pembe ya jicho, kidogo kidogo kama anayeogopa kumwumiza, na msimamizi wa usafi akapiga kelele kutoka upande wa pili kwamba hilo ni basi, si mtoto mchanga, asugue kwa nguvu. Akasugua kwa nguvu. Mama hakuacha kutabasamu. Maji meusi yalimteremka toka machoni hadi kidevuni, yakapita juu ya gauni la kijani mpaka pale picha ilipokatwa, yakaanza kudondoka sakafuni.